UZI: Maji ya kuku yapimwe kwenye drinka (chombo cha kunywea) ya mwisho, sio pale tenkini

mfuga_pwani (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu. Nimeona nilete huu uzi kwa sababu nikipita kwenye mabanda huku Kibaha mpaka Mkuranga nakuta kitu kilekile. Mtu ana kuku elfu, elfu mbili, chakula ananunua kwa hela ndefu, chanjo kafuata ratiba, banda kalijenga vizuri tu, lakini kuku wanaharisha, uzito hauongezeki, mayai leo yamepanda kesho yameshuka, na kila wiki yeye na duka la dawa. Ukimuuliza maji vipi anakwambia maji yangu masafi mkuu, kisima kirefu, hata sisi wenyewe nyumbani tunakunywa. Na kweli ukifungua koki pale tenkini yanatoka meupe pee. Sasa kuku hanywi pale tenkini. Kuku anakunywa kule mwisho wa laini, baada ya maji kupita kwenye bomba ambalo pengine halijawahi kufunguliwa tangu siku fundi alipolifunga.

Fanya hivi leo jioni. Nenda kwenye laini iliyo mbali kabisa na tenki, fungua kizibo cha mwisho, kinga maji kwenye kopo jeupe, na yawe yale ya kwanza kabisa, usiyaache yamwagike ndo ukinge. Halafu ingiza kidole ndani ya bomba usugue ukutani. Kwa wengi kitatoka na uteute unaoteleza kama kamasi, wa kahawia au kijivu, na ukiunusa unanuka tope lililooza. Kwenye kopo utaona vipande vidogo vinaelea vinashuka taratibu. Hicho ndo kuku wako anakunywa asubuhi mpaka jioni.

Ule uteute ni bakteria wamejishika kwenye ukuta wa bomba wakajijengea utando, wakishajifunika hivo klorini kidogo unayoweka inaua wa juu tu, wa chini wanaendelea na maisha. Humo E. coli anakaa, salmonela anakaa, na kila mara kipande kinabanduka kinaingia kwenye kinywa cha kuku. Ndo maana unapiga dozi ya antibayotiki kuku wanachangamka, ukiacha tu hali inarudi. Umemtibu kuku, bomba hujaligusa.

Na chakula cha huo utando tunauletea sisi wenyewe. Glukosi tunayowapa vifaranga siku wanapofika, vitamini, hata unga unaobeba dawa nyingi za kuku una sukari ndani yake. Mtu anaweka glukosi kwenye tenki inapita laini nzima, ikiisha anajaza maji anaendelea, hajasukuma chochote. Ongeza joto la brooda (pale wanapolelewa vifaranga) nyuzi 32, ongeza maji yaliyosimama. Chukua bomba la upana wa ndani sentimita 2, kila mita linabeba kama lita 0.3, kwahiyo laini ya mita 30 ina lita 9 na ushee. Vifaranga 1000 siku ya kwanza hawamalizi ndoo mbili za lita 20. Ukiwa na laini tatu nne humo ndani maji yanalala bombani masaa na masaa yanapashwa moto. Wiki ya kwanza, wakati kifaranga hana kinga ya maana, ndo wakati maji yake ni mabaya kuliko wakati wowote.

Kusafisha kwenyewe kunafanyika vizuri banda likiwa tupu, kati ya kundi na kundi. Kwanza sukuma maji kwa presha mpaka mwisho yatoke safi. Kisha tumia haidrojeni peroksaidi ile iliyotengenezwa kwa ajili ya laini za maji, ya asilimia 35 au 50, changanya kama lita 3 za dawa kwenye lita 100 za maji (soma lebo ya uliyonunua maana zinatofautiana), jaza laini yote mpaka itokee kwenye kila chuchu (vile vikoki vidogo kuku anavyodonoa kunywa), gusa chuchu moja moja na fimbo au mkono wenye glavu uone inadondosha, funga, acha masaa 24. Kesho yake fungua sukuma. Mtu ambaye hajawahi kufanya hili atashangaa kinachotoka. Suuza mpaka pasiwe na povu wala harufu. Vaa glavu na miwani, hiyo dawa inaunguza ngozi inabaki nyeupe, na KAMWE usiichanganye na klorini wala kuzihifadhi stoo moja karibu karibu.

Baada ya hapo ndo klorini ya kila siku inakuwa na maana. Karibuni kwa maswali.

mama_vifaranga

Asante sana kaka kwa somo. Mimi nipo Chanika nina kuku wa mayai 500, situmii chuchu, natumia drinka za kengele na hizi za mkono za kugeuza juu chini. Hii ya utando inanihusu? Maana drinka nasafisha kila siku asubuhi.

mfuga_pwani

Dada yangu inakuhusu ila kwa namna nyingine. Kengele ina lile bomba la kutoka tenkini mpaka kwenye drinka, nalo linaota utando vilevile, kwahiyo kuosha kengele peke yake haitoshi. Halafu drinka ya wazi inachafuka dakika tano baada ya kuiosha, kuku anaingia na chakula mdomoni, maranda yanarukia, kinyesi kinaingia. Inua kengele mpaka ukingo wa juu uwe usawa wa mgongo wa kuku, ukiiacha chini watakuwa wanaparulia maranda humo na wengine wanaingia na miguu.

Kuosha kwenyewe tumia brashi. Wengi wanamwaga maji wanapitisha mkono wanajaza. Pitisha kidole chini ya ule mdomo wa kengele na kwenye kona ya trei, ikiteleza ujue bado. Osha kwa brashi na sabuni, suuza, kisha tumbukiza kwenye maji ya klorini dakika kumi, suuza tena. Ukiweza kuwa na seti mbili, moja inakauka juani nyingine ipo bandani, hapo umemaliza kazi kubwa.

Na usioshee ndani ya banda. Yale maji ya kuoshea yakimwagika kwenye maranda unakuwa umetengeneza unyevu, koksidia (vimelea vya kuhara damu) inafurahi na amonia inapanda.

jogoo_la_shamba

Mkuu sikupingi ila nadhani tunakuza mambo. Wazee wetu wamefuga kuku wakinywa maji ya mtaro, kwenye kifuu, kwenye shimo la mvua, na kuku walikuwa wanaishi. Mimi nina broila 1500 kila mwezi napiga OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) kwenye maji siku tano kama kinga, sina shida.

daktari_wa_mifugo_moro

Ndugu naomba nijibu hili kwa upole lakini ni jambo zito. Kuku kumi wa kienyeji wanazunguka kiwanja kizima, kila mmoja anakunywa pake, akiugua mmoja anajitenga. Na tukumbuke pia kideri kilikuwa kinapita kijiji kizima kinafagia, hatukuwa tunahesabu tu. Broila 1500 wote wanakunywa bomba moja, kuku wapo kumi na mbili kwenye mita moja ya mraba, kitu kibaya kikiingia kwenye laini saa mbili asubuhi mpaka saa nne kila kuku ameshakinywa.

Kuhusu OTC kila mwezi "kama kinga", hiyo sio kinga. Unafundisha bakteria walioko kwenye huo utando kuizoea dawa, siku ukiihitaji kweli haifanyi kazi, na wafugaji wengine wakitoka hapo wanaingia kwenye enrofloksasini, antibayotiki nyingine ambayo ni ya familia moja na dawa tunazotibiwa sisi binadamu. Marekani waliiondoa enrofloksasini kwenye kuku mwaka 2005 baada ya kuona bakteria sugu wanahamia kwa watu. Na kwa kuku wa mayai haitakiwi kabisa kama mayai yanaliwa. Kuna mtu anakula hilo yai jamani, mara nyingi ni mtoto.

Halafu jambo dogo ambalo watu hawalijui, hata antibayotiki yenyewe ikipita kwenye bomba chafu haifiki yote. OTC kwenye maji magumu inashikana na kalsiamu, inapungua nguvu. Kwahiyo unalipia dozi kamili kuku anapata pungufu. Anza na bomba mkuu, pima maji, ukiona bado kuku wanaumwa mlete mmoja au wawili maabara wapasuliwe wachunguzwe, ijulikane ni nini ndo upewe dawa yake.

jogoo_la_shamba

Sawa dokta nimekuelewa. Ile ya kufungua kizibo nitafanya leo nione.

boma_kitengela

Wadau hamjambo, niko Kenya upande wa Kitengela, leya (kuku wa mayai) 800 kwa cage. Maji yetu ya kisima ni magumu sana, sufuria inapiga chokaa nyeupe, na chuchu zangu nyingi zinavuja zingine zimekauka kabisa. Nilikuwa naweka klorini na kipimo kinaonyesha iko, lakini bado shida. pH yangu (kipimo cha uchachu wa maji) ni 8.4. Na leya siwezi ngoja boma liwe tupu, hawa nakaa nao mwaka mzima na zaidi. Nifanye?

mfuga_pwani

Kaka hapo kwenye pH ndo pana jibu. Klorini kwenye maji inakuwa ya aina mbili, moja inaua kwa haraka nyingine ni mvivu. Kwenye pH 6.5 kama tisa ya kumi ni ile inayoua. Ikifika 7.5 ni nusu kwa nusu. Ikifika 8.5 imebaki kama moja ya kumi tu. Kwahiyo kipimo chako kinaonyesha klorini ipo, kweli ipo, ila kwa hiyo 8.4 nyingi imekaa tu. Wewe unahitaji kushusha pH kwanza, kwa asidi ya sitriki au asidi za maji ya kuku zinazouzwa madukani, taratibu, unapima, lenga kati ya 6 na 7. TAFADHALI asidi na klorini visikutane vikiwa vikali kwenye ndoo moja, inatoka gesi ya klorini, inaua mtu. Kila kimoja kiyeyushwe kwenye maji mengi kwa wakati wake, na kama unatumia mashine ya kudozi basi ziwe mbili, kila dawa na ya kwake.

Na asidi bila dawa yoyote ya kuua vijidudu nayo sio nzuri, kuna watu wanaweka asidi tu miezi wanaona wamemaliza, kumbe fangasi na hamira wanapenda hayo maji, unakuta laini imeziba ute mweupe.

Chuchu zinazovuja ni ile chokaa imekaa kwenye kile kimpira na kijiti. Kwa vile una kuku ndani fanya laini moja moja usiku taa zikizimwa. Funga laini ya ghorofa moja, jaza maji ya asidi ya sitriki yenye pH chini ya 5, acha mpaka alfajiri, sukuma yote nje kabla hujawasha taa. Kesho laini nyingine. Usitumie ile peroksaidi ya lita 3 kwa 100 kuku wakiwepo, hiyo ni ya banda tupu tu, kuna dozi ndogo ya kuku wakiwepo imeandikwa kwenye lebo. Na jiandae, utando ukianza kubanduka chuchu zinaziba, kwahiyo siku hizo pita laini nzima unagusa chuchu kila asubuhi, kuku wa cage akikosa maji siku moja mayai yanadondoka na kuyarudisha ni kazi.

boma_kitengela

Barikiwa sana bro. Hii ya pH hakuna mtu amewahi niambia, agrovet wananiuzia klorini tu.

banda_bunju

Mleta uzi weka basi vipimo vya klorini kwa lugha yetu, ppm ppm hizi wengine zinatupiga chenga. Tenki langu lita 1000.

mfuga_pwani

Ppm 1 ni miligramu 1 kwenye lita moja. Unataka ppm 3, maana yake miligramu 3 kila lita, lita 1000 ni gramu 3 za klorini tupu. Klorini ya unga ya asilimia 65 chukua 3 gawanya kwa 0.65 unapata gramu 4.6. Nunua kamzani kadogo ka kupimia, kijiko kinadanganya. Ukitumia jiki isiyo na manukato ya asilimia 3.5, ni kama mililita 86. Jiki ikikaa muda mrefu au juani inapungua nguvu, nunua mpya.

Unga uyeyushe kwanza kwenye ndoo ya plastiki, weka maji halafu unga, sio unga halafu maji, acha yatulie, mimina yale ya juu tenkini ule mchanga wa chini uache. Subiri nusu saa kabla ya kufungulia kuku.

Sasa hii hesabu ni ya kuanzia tu. Maji yenye tope au chuma yanakula klorini yote kabla haijafika mbali. Ndo narudi kwenye kichwa cha uzi, pima kwenye drinka ya mwisho. Tafuta kile kipimo cha mabwawa ya kuogelea, unatia kidonge kwenye kachupa ka maji yanageuka pinki, kadiri pinki inavyokolea ndo klorini ilivyo nyingi, unalinganisha na rangi za pembeni. Kule mwisho unataka ppm 2 mpaka 4. Ukipata 3 tenkini na sifuri mwisho, kuna kitu kati hapo kinaila, nacho ni uchafu wa bomba. Usiongeze dozi, safisha bomba.

mama_vifaranga

Na siku ya chanjo inakuwaje? Mimi Gumboro na kideri zote nawapa kwenye maji.

daktari_wa_mifugo_moro

Swali zuri sana hili dada. Hizo chanjo ni virusi hai vilivyodhoofishwa, klorini inaviua kabla havijafika kwa kuku. Acha klorini, asidi na dawa yoyote kuanzia siku moja mpaka mbili kabla, na uendelee kuacha siku hiyo na kesho yake. Hata maji ya DAWASA (mamlaka ya maji Dar) ya Ruvu yanakuja na klorini kutoka mtamboni, kwahiyo wa mjini usiseme mimi siweki kitu. Weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, koroga, subiri dakika 20 hivi ndo uweke chanjo. Yale ya mafuta yanaziba chuchu.

Kadirio la maji watu wengi wanatumia umri wa kuku kwa siku, kuku 1000 wa siku 14 lita 14, kipindi cha joto ongeza kidogo. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, Dar ya Februari saa moja inatosha, na chanjo iishe ndani ya masaa mawili. Na drinka zisioshwe kwa dawa asubuhi hiyo, maji matupu na brashi. Baada ya chanjo sukuma laini vizuri kwa sababu hayo maziwa yakilala humo ni karamu ya bakteria.

kigamboni_kuku

Huku kwetu visima vina chumvi. Kuku wanaharisha maji maji muda wote maranda yanaloa, lakini sio wagonjwa, wanakula vizuri.

mfuga_pwani

Kaka hiyo klorini haikusaidii, chumvi haitoki kwa klorini wala kwa kuchemsha. Pima kwanza ujue ni chumvi kiasi gani. Wengi huko wanachanganya na maji ya bomba au ya mvua ili kuipunguza, na unamwambia anayekuchanganyia chakula kwamba maji yako yana chumvi ili apunguze kwenye chakula. Ya mvua uwe makini, bati lina mavi ya njiwa na kunguru, mvua ya kwanza yote imwagike, na tenki liwe na mfuniko unaokaza. Nimeona matenki mengi mfuniko umewekewa jiwe, mijusi inaingia. Tenki likae kivulini pia, maji ya moto kuku hanywi vizuri na asiyekunywa hali.

Nyie wote fungeni mita kwenye bomba la kuingia bandani. Kuku wa mayai 1000 wanaokula kilo 115 wanakunywa lita 230 hivi siku ya kawaida, joto likipanda inazidi sana. Siku mita ikishuka ghafla na hali ya hewa haijabadilika, kuna ugonjwa unakuja au chuchu zimeziba, na utalijua kabla hujaona kuku amejikunyata.

jogoo_la_shamba

Wakuu nimerudi. Nimefungua kizibo. Maji yametoka ya kahawia na vitu kama ngozi ngozi, mke wangu kasema hata ng'ombe asingepewa. Nataka nipeleke maabara kabla sijagusa chochote, napeleka wapi na nachukuaje?

daktari_wa_mifugo_moro

Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo mikoani, wanapima. Omba kolifomu (bakteria wanaoonyesha uchafu) na E. coli, pia pH, chuma, ugumu na chumvi. Chupa wachukulie wao, usitumie ya soda hata uioshe vipi. Kama unaweka klorini waambie, wakupe chupa yenye ile dawa ya kuizima, la sivyo klorini inaendelea kuua njiani na majibu yatatoka mazuri ya uongo.

Chukua mbili. Ya kwanza kutoka kisimani au koki ya kabla ya tenki, futa koki na spiriti, acha maji yatiririke dakika mbili tatu ndo ukinge. Ya pili kutoka mwisho wa laini, futa nje, hii usiyaache yatiririke. Usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko. Weka kwenye kiboksi cha barafu, fikisha siku hiyohiyo, epuka Ijumaa mchana.

jogoo_la_shamba

Na zikitoka zote mbili chafu?

mfuga_pwani

Basi tatizo limeanzia kisimani, angalia choo na shimo la mbolea vipo umbali gani na kama kisima kimejengewa juu maji ya mvua yasiingie. Ikitoka chafu ya mwisho peke yake ni bomba, na wewe broila wako wanatoka lini?

jogoo_la_shamba

Jumanne wiki ijayo.

mfuga_pwani

Vizuri, tafuta peroksaidi kabla ya Jumanne. Leo usisukume laini mpaka uwe umeshachukua hiyo chupa ya pili.